Mabango Arobaini na Moja

Jumapili, 10 Septemba

Nimemaliza! Mabango arobaini na moja. Mkono wa kulia umekufa ganzi, kidole gumba nimekigonga nyundo mara mbili, na matusi niliyotukana kule msituni, marehemu mume wangu Harland angecheka wiki nzima. Mabango ya manjano, kila moja kwenye mti wake, kuzunguka mlima wote. HAKUNA KUWINDA. HAKUNA KUPITA. Na chini jina langu: Arlene Pratt.

Sijutii. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba leo sijutii.

Novemba iliyopita, siku ya tatu ya msimu wa kulungu, mtu alimpiga risasi mbwa wangu Chester kule kijitoni. Saa nne asubuhi, jua limewaka, na mbwa kavaa ukosi wa rangi ya chungwa. Hatua mia mbili kutoka mlango wa jikoni kwangu. Nilimkuta bado ana joto. Hakuna mtu aliyekuja kusema: Arlene, ni mimi, nisamehe. Hakuna. Mji wa watu mia nane na wote hawajui! Nilimzika mwenyewe karibu na lile pengo la ukuta wa mawe, ardhi inaanza kuganda, na tangu siku ile Novemba yote sikukanyaga kijitoni. Kwenye ardhi yangu mwenyewe. Nilikuwa naosha vyombo nimeinama, eti risasi isije ikanikuta dirishani.

Basi. Imetosha.

Nyumba kimya. Bado nasikia kucha zake sakafuni wakati mwingine. Upumbavu.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimekwenda ofisi ya mji kuyaandikisha. Glenda, karani wetu, alisoma fomu kama vile nimemletea cheti cha kifo. Akavua miwani. "Wewe? Binti wa Lucien Gokey? Baba yako hakuwahi kupigilia hata karatasi."

Nikamwambia baba hakuwahi kumzika Chester.

Akagonga muhuri, nikalipa dola tano. Nilipokuwa nafungua mlango akaanza kunieleza sijui nini kuhusu mabango, usisahau hiki na kile. Nikamjibu Glenda, najua kusoma. Nikatoka. Mkali kweli mimi siku hizi. Najisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 15 Septemba

Merrill kaja.

Nilijua atakuja. Kaka yangu huyu ana miaka sabini na tatu na nyonga ya chuma, lakini alipanda ngazi za baraza kama kijana. Hakukaa. Nikamwekea kahawa hata hivyo.

"Dada," kasema, "nimeona uchafu kule kwenye miti nikadhani wageni wamekuibia jina."

Nikamwambia jina nimeliandika mwenyewe, kwa hiari yangu.

Lo, hapo tukaanza! Yeye uhuru, mimi uhuru. Kapiga meza. Eti katiba ya jimbo letu la Vermont, tangu enzi za mababu, inampa kila mtu uhuru wa kuwinda kwenye ardhi isiyofungwa, tajiri na maskini sawasawa, na ndiyo maana babu zetu walikuja huku, kukimbia nchi ambazo kulungu wote ni wa bwana mmoja. Eti ukifunga mlima umefunga kila kitu. Sasa hivi nusu ya bonde ina mabango ya wenye pesa kutoka mijini, watu wetu wakawinde wapi — maegesho ya magari?

Nikamwambia uhuru gani huo unaoniinamisha kwenye sinki langu. Mimi pia niko huru au siko? Ardhi naitunza, kodi nalipa, kuni napasua mwenyewe. Kama siwezi kwenda kwenye kijito changu na mbwa wangu asubuhi ya Jumatatu, basi huo uhuru ni wenu nyinyi wenye bunduki tu.

"Ilikuwa ajali," kasema.

Ajali! Mwaka mzima sijamsikia akilitaja jina la Chester, na neno la kwanza analotoa ni hilo. Kama angesema pole! Neno fupi hilo!

Halafu nikafanya nilichodhani ni wema. Nikamwambia: kaka, wewe sikukatazi. Nitakuandikia kibali, uweke mfukoni, upite unavyotaka.

Akaniangalia kama nimemtemea mate.

"Kibali? Kwenye mlima wa baba? Nilimuua kulungu wangu wa kwanza pale penye pengo, wewe ukiwa bado unanyonya kidole. Sijawahi kupiga hodi mlimani, Arlene. Mtu anampigia hodi nani — miti?"

Akaondoka. Kahawa hakuigusa. Hata mtungi wa matango ya siki niliomwekea aliuacha mezani, na anayapenda yale kuliko watoto wake.

Jumapili, 24 Septemba

Hakuja kula.

Hii ya pili sasa. Tangu tumzike Harland, miaka minne, kila Jumapili Merrill anakuja baada ya ibada, anakula, analalamika nyama imeiva mno, anasinzia kwenye kiti kile, anaondoka. Leo nilipika ileile nyama ya kuoka polepole, na viazi na karoti. Nikaweka sahani mbili. Saa nane nikairudisha moja kabatini.

Nitakula nyama hii mpaka Alhamisi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Dukani. Wazee wa kahawa walikuwa watano kwenye benchi lao. Kelele zote zikakatika nilipoingia. Nikasema habari za asubuhi. Nzuri, nzuri. Nimewajua hawa tangu wakiwa na makamasi!

Nikawa nachagua unga. Mmoja wao akainuka, akaja mpaka nyuma yangu, akavua kofia. "Samahani Arlene, naruhusiwa kupita hapa kwenda kwenye sukari, au niandike barua kwanza?"

Wakaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka — kichekesho kizuri, kwa kweli. Nilicheka mpaka kwenye gari. Ndani ya gari nikalia.

Kwenye redio, njia nzima ya kurudi, watu wawili wanagombana. Huyu uhuru, yule uhuru. Sijui hata walikuwa wanazungumzia nini. Nikazima.

Jumamosi, 7 Oktoba

Daphne kanialika kwake. Daphne wa chini ya kilima, aliyehamia kutoka New Jersey miaka mitatu iliyopita akanunua shamba la kina Bouchard na kulizungushia mabango kabla hata ya kufungua mizigo. Mwanamke mwema. Ananiletea supu. Sikuwa na pa kwenda Jumamosi, nikavaa sweta la buluu nikaenda.

Walikuwepo wageni wake sita, mvinyo, jibini yenye harufu. Daphne akagonga glasi. "Huyu ndiye Arlene niliyewaambia. Kawakabili peke yake!" Wakanipigia makofi. Jamani! Nilitamani sakafu inimeze. Kuna bwana mmoja mwenye skafu kasema mimi ni shujaa, uhuru wa kweli ni kuishi bila kuogopa, na kwamba watu hawa na bunduki zao wanapaswa kujifunza.

Watu hawa.

Nikamuuliza watu gani. Kasema unajua, wenyeji.

Nikamwambia bwana, bunduki ya baba iko nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, na nilipokuwa na miaka kumi na miwili ningeweza kumchuna kulungu kabla wewe hujamaliza kufunga hiyo skafu. Kila Novemba kaka yangu huniletea moyo wa kulungu ungali na joto, naukaanga na vitunguu na siagi, tunakula wawili hapo hapo wima kwenye jiko. Ndivyo msimu unavyoanza kwetu.

Daphne akasema duh, Arlene, sikujua unakula hivyo.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Hawa wananipenda kwa sababu ambayo si yangu. Wale wananinunia kwa sababu ambayo pia si yangu. Nimebaki katikati kama mwehu, na mabango yangu. Mpweke. Nimeliandika, haya. Mpweke.

Jumapili, 22 Oktoba

Leo kuna jambo. Sielewi.

Saa tano hivi niko dirishani. Pikapu ya Merrill inakuja barabarani, polepole, inasimama pale penye pengo. Hatua sitini kutoka hapa. Akashuka. Akasimama mbele ya bango la pengoni, akalisoma kutoka juu mpaka chini, na bango lina maneno sita! Akainama karibu kabisa kama anatafuta kitu. Halafu akarudi garini akatoa nyundo.

Nikasema haya, leo ndiyo leo, atalibomoa na mimi nitamwita askari, kaka au si kaka. Nikasikia mapigo matatu. Nilikuwa natafuta buti, moja silioni. Nilipotoka tayari ameondoka.

Bango lipo. Upepo ulikuwa umeling'oa upande mmoja tangu Jumanne. Sasa limenyooka. Kapigilia msumari mpya.

Ananidhihaki? Ni dhihaka, bila shaka. Kichwa kigumu yule.

Sahani mbili tena mezani. Sijui kwa nini naziweka.

Jumatano, 1 Novemba

Hawajanipigia simu ya donati.

Kifungua kinywa cha wawindaji, kituo cha zimamoto, saa kumi alfajiri siku ya kwanza ya msimu. Chapati za maji, soseji, na donati za Arlene. Miaka thelathini na nane! Hata mwaka aliokufa Harland nilikaanga. Kwa kawaida wananipigia katikati ya Oktoba. Leo nikajikaza nikapiga mwenyewe. Akapokea binti mmoja, sauti ikamlegea. Eti walidhani mwaka huu nisingependa. Eti wameshaagiza dukani, za kwenye boksi.

Nikamwambia sawa mwanangu, hamna neno.

Za kwenye boksi!

Alhamisi, 9 Novemba

Nitaandika taratibu.

Nilikwenda ofisi ya mji kuchukua kibali cha kuchoma matawi. Glenda peke yake. Akaniambia Arlene, kaa. Akasema siwezi kukaa kimya zaidi, Jumamosi msimu unafunguliwa. Mabango yako hayana kazi.

Nikasema vipi hayana kazi, nimelipa, umegonga muhuri.

Tarehe! Kila bango lazima liandikwe mwaka kwa mkono, kila mwaka, la sivyo mbele ya sheria ni karatasi tu kwenye mti. Mtoto wa shule huku anajua. Mimi najua! Miaka yote nimewacheka wageni wanaosahau tarehe. Na ndicho alichokuwa ananiambia siku ile nikamjibu najua kusoma.

Mabango arobaini na moja, na hakuna hata moja lenye tarehe. Yeyote anaweza kuingia Jumamosi na bunduki yake, akapita mbele ya jina langu, na askari akacheka.

Nikamuuliza nani mwingine anajua.

Glenda akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Merrill anajua. Alikuja hapa Oktoba, Jumatatu moja, akauliza kama bango lisilo na tarehe linamzuia mtu. Nikamwambia halimzuii. Nilidhani atakwenda moja kwa moja dukani kuwatangazia."

Hakuwatangazia?

"Aliniambia nifunge mdomo. Kasema, usimwambie mtu, Glenda, wakijua wataingia wote."

Wiki mbili na nusu! Alijua siku ile ya nyundo, au alishuku, na kesho yake akathibitisha. Mlima uko wazi kwake, kisheria, bila kibali, bila kunibembeleza. Alichotaka ndicho hicho. Na bado Jumapili zote mbili zilizofuata gari lake lilipita barabarani, likapunguza mwendo penye pengo, halikusimama. Nilidhani ni kiburi.

Sasa sijui ninadhani nini.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilitoka asubuhi na kalamu nene ya wino mweusi. Theluji nyembamba, ya kwanza. Nikaandika mwaka kwenye bango la kwanza, la pili, la tatu. Vidole viliganda. Nilizunguka mlima mzima mpaka saa tisa. Arobaini.

La mwisho ni la pengoni. Msumari wake ule mpya unang'aa. Kaburi la Chester lipo hapo chini, na juu ya jiwe lake kuna kitu nilichokuwa sijakiona kwa sababu ya majani: ukosi mpya wa mbwa, rangi ya chungwa, bado una kijikaratasi cha dukani. Umelowa, umeganda, umekaa hapo siku nyingi. Nikakaa kwenye ukuta nikalia kama mtoto.

Merrill na domo lake zito! Mwaka mzima mtu anashindwa kusema pole, anakwenda kununua ukosi wa mbwa aliyekufa!

Lakini halafu likaja wazo baya, na nitaliandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Ni pole ya kaka? Au ni pole ya aliyefyatua? Mwaka jana, siku ile ya tatu, yeye alikuwa wapi? Alisema alikuwa upande wa mashariki. Sikumuuliza mtu mwingine. Hapana. Hapana! Merrill angesema. Angekuja mlangoni hata kwa magoti. Namjua.

Namjua?

La pengoni sikuliandika tarehe. Nimerudi na kalamu mfukoni.

Nimekaanga donati. Dazeni nne. Sijui za nani.

Jumamosi, 11 Novemba

Niko jikoni, naandika nimesimama.

Pikapu ya Merrill ilikuja gizani, kabla ya saa kumi na mbili. Akazima taa. Amekaa. Sasa kumepambazuka, milio ya risasi imeshaanza milima ya ng'ambo, mmoja, miwili, halafu mingi. Yeye yumo garini tu. Kizibao cha rangi ya chungwa, kofia, mvuke wa kahawa kwenye kioo. Bunduki naiona, imetundikwa nyuma yake.

Bango lililo mbele yake ndilo pekee lisilo na tarehe. Ameshaliona. Alimulika na tochi alipofika. Mlango uko wazi, kaka, unasubiri nini?

Saa nzima sasa.

Magari mawili yamepita. La kwanza lilisimama, vijana wa kule kwenye kinu cha mbao, wakashusha kioo, wakaonyesha mlimani. Nilimwona Merrill akitikisa kichwa. Kijana akasema kitu, akacheka. Merrill akafungua mlango nusu, mguu mmoja nje, akasema maneno machache tu. Wakaondoka kwa kasi. Siku ya kwanza ya msimu, na yeye amekuwa mlinzi wa karatasi isiyo na kazi! Wazee wa benchini watamsimanga mpaka afe.

Nimepasha donati moto nikazifunga kwenye taulo. Nimevaa koti la Harland. Nimelivua. Nimelivaa tena. Nikienda nimuulize? Nikimuuliza na ni yeye, sina kaka. Nikimuuliza na si yeye, sina kaka pia, maana hatanisamehe kwamba niliuliza. Na nisipouliza nitakula naye kila Jumapili nikiangalia mikono yake.

Anashuka.

Bunduki kaiacha garini. Anachechemea, baridi inaumiza ile nyonga. Amefika penye pengo. Amesimama. Ncha za buti zimegusa mstari wa mawe, hazijavuka. Anaangalia chini upande wa kaburi. Kavua kofia, nywele zimekwisha zile, kichwa cha baba kabisa. Ananitafuta dirishani. Ameniona.

Simpungii. Yeye pia hapungi.

Nimefungua dirisha, baridi yote inaingia ndani. Kuna jambo anataka kusema, na halisemwi kutoka barabarani.

"Hodi," kasema. Sauti haikutoka vizuri. Kakohoa, kasema tena, kwa nguvu, mlima mzima umesikia.

"Hodi, dada!"

Donati bado zina joto mkononi na mimi sijajibu.